Sentimita Tisa: Uchambuzi wa Kisa cha Begi la Mgongoni Lililouzidi Mgongo

Kuhusu kisa chenyewe

Kisa hiki kilitokea katika safari ya miguu ya siku tatu kutoka Lushoto hadi Mtae, katika milima ya Usambara Magharibi mkoani Tanga, ambayo niliiongoza mimi mwenyewe. Mhusika ameridhia kiandikwe kwa ajili ya kufundishia, kwa sharti kwamba jina lake, kazi yake na mwaka wa safari visitajwe. Hapa nitamwita msafiri. Majina ya mahali nimeyaacha kwa sababu miinuko ya njia ile ni sehemu ya maelezo, na vipimo vya mgongo, vya begi na vya uzito ni vile nilivyoviandika katika daftari langu siku zile zile.

Mtu mzima mwenye afya njema, aliyenunua begi imara kwa uangalifu na kwa fedha isiyo haba, alikufa ganzi vidole vya mkono wa kushoto kabla ya saa sita mchana ya siku ya kwanza. Begi lenyewe halikuwa na kasoro yoyote: halikukatika mkanda, halikufumuka mshono, na zipu zake zote zilikuwa nzima. Hiyo ndiyo sababu ya kukieleza kisa hiki kwa kirefu, kwani watu wengi wanaoumizwa na begi hulitafuta tatizo katika ubora wa begi au katika udhaifu wa mwili wao, ilhali mara nyingi tatizo limo katika uhusiano wa viwili hivyo.

Msafiri na begi la kwanza

Msafiri ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 56. Kwa wanawake wa kwetu ni mrefu, na yeyote anayemwona amesimama humwita mrefu. Lakini urefu wake uko miguuni. Jambo hilo hakuna aliyelitazama siku ya ununuzi, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na sababu ya kulitazama.

Begi alilinunua katika soko la mitumba jijini Dar es Salaam, wiki mbili kabla ya safari. Miaka ya nyuma aliwahi kukatikiwa zipu akiwa ndani ya basi na vitu vyake vikamwagika, kwa hiyo alikwenda sokoni akiwa na nia ya kupata kitu kitakachodumu. Alikagua mishono, akavuta zipu moja moja, akajaza maji kidogo kwenye kitambaa kuona kama yanapenya, akahesabu mifuko. Alilolichagua lilikuwa la lita 65, lenye vibati viwili vya alumini mgongoni, mikanda minene ya mabegani na mkanda mpana wa kiunoni. Muuzaji alimvalisha likiwa tupu, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia, "Dada, wewe mrefu, hili ndilo saizi yako. Limekukaa." Msafiri alijitazama kwenye kioo, akaona kweli limemkaa, akalipa.

Simlaumu muuzaji. Alitumia kipimo anachokitumia kila mtu, yaani urefu wa mtu kutoka unyayoni hadi utosini, na begi tupu kwa kweli humkaa karibu kila mtu.

Katika kulipanga, nafasi ya lita 65 ilimshawishi aijaze. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo Lushoto ina baridi ya kutosha kumfanya mtu wa pwani abebe blanketi, na yeye alibeba blanketi la kilo 1.8, nguo za kilo 3.6, chakula cha kilo 2, viatu vya akiba vya gramu 900, chupa mbili za maji za lita moja na nusu, na vikorokoro vya gramu 600. Begi lenyewe, likiwa halina kitu, lilikuwa na kilo 2.6. Jumla yake ni kilo 14.5, ambayo ni zaidi kidogo ya robo ya uzito wa mwili wake. Kanuni inayofuatwa na watu wengi wa safari za miguu ni kwamba mzigo wa siku kadhaa usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Kwake yeye kiwango hicho ni kilo 11 na kidogo.

Asubuhi ya kuondoka nilikagua viatu vya kila mmoja, nikauliza habari za maji na dawa. Mabegi sikuyakagua.

Siku ya kwanza: kutoka Lushoto hadi Lukozi

Tuliondoka mjini Lushoto, palipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, saa mbili asubuhi, tukaanza kupanda kuelekea msitu wa Magamba. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika saa ya pili msafiri alianza kusimama mara kwa mara, kila mara akiingiza vidole gumba chini ya mikanda ya mabegani na kuiinua kidogo, kama anayepumzisha mabega. Nilimwona, nikadhani ni kuchoka kwa kawaida.

Alichokuwa akikipambana nacho, kama alivyonieleza baadaye, kilikuwa hivi. Alipoikaza mikanda ya mabegani hadi ikakaa sawa, mkanda wa kiunoni ulishuka chini ya nyonga, ukapita sehemu ambapo paja linajikunja, na kila alipoinua mguu kupanda, mkanda ulimzuia na kumchubua. Akaulegeza. Baada ya muda ukawa unaning'inia na kugonga mapaja, akaufungua kabisa na kuuchomeka nyuma. Tangu hapo kilo zote 14.5 zikawa juu ya mabega mawili, na kwa kuwa begi lilikuwa likimvuta nyuma, alitembea ameinamisha kifua mbele na kunyoosha shingo.

Mnamo saa nne na nusu alilalamika kwamba mabega yanawaka. Hapo nikafanya kosa langu la pili: nilichukua sweta lake, nikalikunja mara mbili na kuliweka chini ya mikanda. Alipata nafuu kwa dakika kama kumi. Kisha mikanda, ikiwa imenyanyuliwa na sweta, ikateleza kuelekea shingoni, na maumivu yakarudi mahali pengine yakiwa makali zaidi. Saa tano na robo aliniambia, "Kaka, vidole hivi viwili sivisikii," akinionyesha cha mwisho na cha pete vya mkono wa kushoto. Nilimwomba anibane kidole changu kwa mkono ule. Nguvu zilikuwepo, lakini ngozi ilikuwa haihisi.

Tulilitua begi, tukakaa kando ya njia, karibu na mahali ambapo msitu unaachana na mashamba. Akatokea mama mmoja akitoka shambani, mtoto mgongoni kwa mbeleko, na kichwani furushi la kuni. Msafiri alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia na kusimama kutupa pole. Wakati huo nilikuwa nimemwinulia msafiri begi ajaribu tena, na mkanda wa kiunoni, aliokuwa ameufunga tena, ulikuwa umeshukia palepale ulipokuwa ukishukia tangu asubuhi. Mama yule alitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona umefunga huko chini? Mtoto hafungwi huko. Atateleza, halafu shingo ndiyo itakayombeba." Kisha akajigusa kwa kiganja pale ambapo mbeleko yake ilikuwa imekaza, juu kidogo ya nyonga.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza sahihi yaliyosemwa juu ya begi lile tangu liliponunuliwa. Nilifungua kila kitu, nikaupandisha mkanda wa kiunoni hadi katikati yake ikalalia ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, nikaukaza hapo kwanza, ndipo nikairudia mikanda ya mabegani. Na hapo tatizo likajionyesha lenyewe: mikanda ile sasa ilikuwa imesimama hewani. Kati ya bega lake na mkanda palipita kiganja changu kizima bila kugusa popote, na begi lililala nyuma kama mtu anayetaka kuanguka chali. Mkanda wa kiunoni ukikaa mahali pake, wa mabegani ulikosa pa kukaa. Wa mabegani ukikaa, wa kiunoni ulishukia mapajani. Hapakuwa na namna ya kulikaza begi lile ikawa sawa.

Mzigo tuliugawana watu watatu hadi Lukozi. Ganzi iliisha yenyewe baada ya saa mbili hivi.

Kipimo cha Lukozi

Jioni ile niliazima futikamba kwa fundi cherehani jirani na tulipolala. Njia ya kuupima mgongo kwa ajili ya begi nilikuwa naijua, na nakiri kwamba nilikuwa nimezoea kuitumia kwa wageni wanaokodi vifaa tu, si kwa wanaokuja na vyao.

Anayepimwa husimama wima na kuinamisha kichwa mbele, mpaka chini ya shingo, pale inapokutana na mabega, ijitokeze pingili moja iliyo kubwa kuliko zenzake. Hiyo ni ya saba kutoka juu. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Kisha hushika kiuno kwa mikono yote miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, na kubonyeza hadi ahisi ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Ukichora mstari wa kuwaziwa kutoka kidole gumba kimoja hadi cha pili, mahali mstari huo unapokata uti wa mgongo ndipo kipimo kinapoishia. Futikamba hufuata mpindo wa mgongo, haivutwi ikanyooka. Kazi hii mtu hawezi kujifanyia mwenyewe, kwa hiyo nilimwomba mwanamke mwenzake katika kundi ashike futikamba, mimi nikaandika.

Mgongo wake ulikuwa sentimita 41. Begi, kuanzia mahali mikanda ya mabegani iliposhonewa hadi katikati ya mkanda wa kiunoni, lilikuwa sentimita 50. Katika kundi lile kulikuwa na kijana mwenye urefu wa sentimita 164, mfupi kuliko msafiri, ambaye mgongo wake ulikuwa sentimita 47. Muuzaji wa Dar es Salaam angempa begi dogo zaidi.

Uzito tuliupata kwa mfanyabiashara wa viazi, aliyeturuhusu kulitundika begi kwenye mizani yake ya kuning'iniza. Mshale ulisimama kwenye kilo 13, na kwa kuwa chupa moja ya maji ya lita moja na nusu ilikuwa imeshanywewa, tukajua kwamba asubuhi lilikuwa na kilo 14.5.

Uamuzi uliofanywa, na sababu zake

Njia tatu zilikuwa mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa msafiri arudi Lushoto kwa gari asubuhi. Ya pili, aendelee na begi lile lile, likiwa limepunguzwa mzigo. Ya tatu, begi lipelekwe kwa bodaboda hadi Rangwi, kisha Mtae, naye atembee na mfuko mdogo wenye maji, sweta na chakula cha mchana.

Ya pili niliikataa mara moja. Mishipa ya fahamu inayohudumia mkono mzima hutoka shingoni, hupita chini ya mtulinga na kuingia kwapani, na mkanda unaobeba mzigo wote huibana hapo hapo. Ganzi iliyoisha ndani ya saa mbili ni onyo. Ikirudiwa siku ya pili na ya tatu yaweza kuacha udhaifu wa mkono unaochukua wiki au miezi kupona. Tulikubaliana pia kwamba endapo ganzi ingerudi usiku, au mkono ukalegea, safari yake ingeishia pale na angekwenda hospitali. Haikurudi. Tukachagua ya tatu.

Kabla ya kulala alitaka kujua kama fundi anaweza kuishusha mikanda ya mabegani kwa sentimita tisa. Tulimwendea fundi viatu aliyekuwa bado hajafunga kibanda. Aliligeuza begi, akapapasa mgongo wake kwa kidole gumba kwa dakika nzima, kisha akasema, "Dada, nikishona hapa nashona sponji. Sponji haishiki mzigo. Nikifuata vibati, nalifumua begi lote, na ukilivaa litakuzidi kichwa." Hakuchukua hata shilingi. Namtaja kwa heshima, kwa sababu angeweza kuchukua fedha na kushona, na sisi tungegundua njiani kwamba alichokisema ni kweli: mikanda ingeshuka, lakini vibati vya alumini vingebaki na urefu wao, vikamgonga kisogoni kila anapotazama juu.

Siku mbili zilizobaki alitembea hadi Mtae bila shida.

Ununuzi wa pili

Wiki tatu baadaye aliniomba twende naye sokoni. Tulikuwa na futikamba, na njiani tulinunua chupa saba za maji za lita moja na nusu, kwani lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa saba ni kilo 10.5. Napendekeza njia hii kwa yeyote: hakuna muuzaji asiyeijua chupa ya maji, na baada ya kumaliza, maji yananyweka.

Tulianza na mabegi mapya ya bei nafuu. Mengi yana kitu kinachofanana na mkanda wa kiunoni, lakini ni utepe mwembamba usio na sponji, ulioshonewa kwenye kitambaa tu. Ukiukaza hauondoi mzigo begani, unalizuia tu begi lisiyumbe. Kwa mzigo wa kilo tatu au nne za kwenda kazini hilo halina neno. Kwa safari ya siku tatu halifai, na hapo hatukupoteza muda.

Kwenye mitumba tulipima mabegi sita kabla ya kuvaa hata moja. Matatu yalikuwa na mgongo wa sentimita 48 na zaidi, tukayaweka kando licha ya uzuri wake, na moja lilikuwa limepasuka kifungo cha kiunoni. Yalibaki mawili. Moja lilikuwa la lita 40 lenye mgongo usiobadilika wa sentimita 42. La pili lilikuwa la lita 45, na mikanda yake ya mabegani ilikuwa imeshikizwa kwa utepe wa kunata mgongoni, hivyo kwamba unaweza kuibandua na kuipandisha au kuishusha. Tulipopima, liliweza kuwekwa popote kati ya sentimita 38 na 48.

Muuzaji hakupenda habari ya chupa. Alihofia begi lisije likachafuka au kupasuka na mteja akaondoka. Msafiri alimwachia amana ya fedha, na hilo likamaliza ubishi. Tulizizungushia chupa kanga mbili, tukazipanga zikiegemea upande wa mgongo, si chini kabisa wala juu kabisa, kwa sababu kitu kizito kikikaa mbali na mgongo humvuta mbebaji nyuma hata kama begi limempata.

Begi la mgongo usiobadilika lilimkaa vizuri kiunoni, lakini mikanda yake ya mabegani ilikuwa imeachana sana. Mabega yake ni membamba, na baada ya dakika tano mikanda ilikuwa imeteleza hadi kwenye ncha za mabega, na akaanza kuibana kwa mkanda wa kifuani kupita kiasi. Mkanda wa kifuani kazi yake ni kuituliza mikanda ya mabegani, si kuivuta kwa nguvu irudi mahali pake, na ukikazwa hivyo humnyima mtu pumzi anapopanda. Tukalirudisha.

La pili tuliliweka sentimita 41. Alilegeza mikanda yote, akalivaa, akainama mbele kidogo na kulipandisha mgongoni, akafunga mkanda wa kiunoni juu ya mfupa na kuukaza. Hapo alisimama wima, na kabla hajagusa kitu kingine, aliniambia kwamba mzigo umeshakaa. Kisha akavuta mikanda ya mabegani mpaka ikagusa mabega pande zote, mbele, juu na nyuma, bila kuyakandamiza. Vikanda viwili vidogo vinavyotoka juu ya mabega kwenda kwenye begi vilipanda kwa mwinamo wa karibu nyuzi 45, ambayo ndiyo dalili ya kwamba mgongo wa begi umelingana na wa mtu: vikilala bapa, begi ni fupi, vikisimama wima au mkanda ukiacha uwazi juu ya bega, begi ni refu. Mwisho akafunga wa kifuani, chini kidogo ya mitulinga.

Alitembea nalo dakika ishirini, akipanda na kushuka ngazi za jengo la jirani. Nilimwambia asinieleze kama ni zuri, anieleze tu ni wapi anapolisikia. Dakika ya tatu alisema nyongani. Dakika ya kumi na mbili alisema nyongani, na kidogo mgongoni upande wa kulia, tukakuta kizibo cha chupa kimemwelekea. Dakika ya ishirini alisema nyongani.

Matokeo

Mnamo Oktoba alirudia njia ile ile, Lushoto, Lukozi, Rangwi, Mtae, akiwa na kilo 10.4 mgongoni, na akalibeba begi lake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Hakupata ganzi. Siku ya pili alipata alama nyekundu kwenye nyonga ya kulia. Tulipotazama tukakuta shati limejikunja chini ya mkanda, akalinyoosha, na jioni alama ilikuwa imeanza kufifia. Pale Mtae, kwenye ukingo unaotazama mbuga za Mkomazi chini, alikaa kama saa nzima kabla ya kukumbuka kulivua.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine yote ni kuchagua begi kwa urefu wa mtu badala ya urefu wa mgongo. Viwili hivi haviendi pamoja kama tunavyodhani, na kundi lile dogo lilikuwa na ushahidi wa kutosha: mrefu alikuwa na sentimita 41, mfupi 47. Begi la safari haligusani na miguu ya mtu, kwa hiyo urefu wa miguu hausaidii chochote katika kulichagua begi. Kosa hili huwapata pia wanaume, mara nyingi kwa upande wa pili: mwenye kiwiliwili kirefu huvaa begi fupi, mkanda wa kiunoni unampanda tumboni, na anapoukaza anajibana matumbo huku mabega yakiendelea kubeba kila kitu.

Kosa la kulijaribu begi likiwa tupu nalihesabu la pili kwa uzito, kwa sababu ndilo lililolificha la kwanza. Begi tupu halina cha kuvuta, hivyo mikanda hukaa popote unapoiweka, na kioo humwonyesha mtu umbo la begi tu. Kilo kumi na dakika ishirini zingeyafichua yote pale pale sokoni, bila futikamba na bila elimu yoyote.

Maneno ya mama wa Magamba yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu yamebeba kanuni nzima. Anayefunga mbeleko huinama kwanza, humpandisha mtoto mgongoni hadi mahali panapofaa, humkaza karibu na mwili, na hukaza nguo mahali ambapo uzito utatua juu ya nyonga. Begani nguo humtuliza mtoto asiangukie nyuma. Begi lililotengenezwa vizuri hufanya hivyo hivyo, kwamba nyonga zinabeba na mabega yanaelekeza. Wanawake wetu wanaijua hesabu hii kwa mwili tangu utotoni, na hata hivyo msafiri, ambaye alilea wadogo zake mgongoni, hakufikiri kuihamishia kwenye begi, kwa sababu begi lilikuja na sura ya kifaa cha kigeni chenye kanuni zake. Siku hizi ninapomfundisha mtu kuvaa begi naanzia kwenye mbeleko, na mara nyingi sihitaji kueleza zaidi.

Kwa upande wangu yalikuwepo makosa mawili ambayo nimeyabadilishia utaratibu. Kutokagua mabegi asubuhi kuligharimu siku nzima ya maumivu. Sasa kila msafiri huvaa begi lake likiwa limejaa mbele yangu jioni ya kabla ya safari, wakati bado kuna nafasi ya kuazima jingine. Lile la sweta ni la hatari zaidi, kwa sababu lilionekana kuwa msaada. Nilishughulikia mahali panapouma badala ya kuuliza kwa nini uzito uko pale, na zile dakika kumi za nafuu zilichelewesha ukweli kwa karibu saa nzima. Mtu akilalamikia mabega, mahali pa kwanza pa kutazama ni kiunoni.

Kilichofanyika vizuri ni kusimama ganzi ilipotajwa, kupima badala ya kubishana, na kukataa kuendelea na begi lile hata likiwa jepesi. Kutafuta fundi pia lilikuwa wazo jema, ingawa jibu lilikuwa hapana.

Kuna jambo moja ambalo matokeo ya Oktoba peke yake hayawezi kulithibitisha. Safari ya pili ilitofautiana na ya kwanza kwa mambo mawili kwa mpigo, begi lililolingana na mzigo uliopungua kwa zaidi ya kilo nne, na mtu makini atauliza ni lipi lililoponya. Tulikuwa tumeliwaza hilo mapema. Mnamo Septemba msafiri alilijaza begi jipya hadi kilo 14.5 kamili, akatembea nalo saa nne katika vilima vya Pugu, muda unaozidi ule uliomletea ganzi Usambara. Mwinuko wa Pugu ni mdogo, na hilo nalizingatia. Hata hivyo mabega yake hayakuuma wala vidole havikufa ganzi. Kilichochoka ni magoti na nyayo, na alisema hangependa kurudia. Kwa hiyo naridhika kwamba ganzi ilitokana na zile sentimita tisa, na uchovu ulitokana na kilo za ziada. Ni matatizo mawili yaliyovaliwa siku moja, na kuondoa moja kusingeondoa jingine.

Kilichobaki bila kutatuliwa sokoni

Begi la pili halikuwa kamilifu. Kiuno cha msafiri ni chembamba, na mkanda wa kiunoni ulipokazwa mpaka mwisho, ncha mbili za sponji zilikaribia kugusana mbele, zikiacha uwazi wa sentimita mbili tu. Uwazi huo ukiisha, mkanda hauna tena pa kukazwa, na akiwa na shati jepesi katika joto la bondeni ungeanza kuteleza. Kukata utepe kusingesaidia kitu, kwa sababu kilichozidi ni sponji. Alimpelekea fundi cherehani vipande viwili vya sponji ngumu ya mkeka wa kulalia, unene wa sentimita moja na nusu, naye akavishonea turubai na kuvishikiza upande wa ndani wa mkanda, kulia na kushoto, pale vinapokutana na mfupa. Mkanda ukajaa zaidi, na uwazi wa mbele ukaongezeka hadi karibu sentimita tisa. Kazi hiyo ilifanyika siku nne kabla ya safari ya Oktoba, na mishono ile bado haijafumuka.